Makamu wa Rais wa Tanganyika, 1962–1964

Muhula huu katika mashindano ya maswali baina ya mabweni niliulizwa, "Makamu wa Rais wa kwanza wa nchi yetu alikuwa nani?" Nikajibu, "Rashidi Kawawa." Mwulizaji akasema nimekosa, jibu ni Abeid Karume, na bweni letu likashindwa kwa alama hiyo moja. Wenzangu walininunia siku mbili. Basi nilikwenda maktaba, nami napenda kuwaeleza niliyoyapata.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961, mkuu wa serikali alikuwa Waziri Mkuu, Julius Nyerere, naye alikaa Bungeni pamoja na wabunge wengine. Mwezi wa Januari, 1962, alijiuzulu, na Kawawa akashika mahali pake. Tarehe 9 Desemba, 1962, nchi ikawa Jamhuri, Nyerere akawa Rais, na cheo cha Waziri Mkuu kikafutwa.

Lakini Rais hakuwa mbunge. Je, nani angesimama Bungeni kuisemea serikali? Ndiyo sababu kilihitajika cheo cha Makamu wa Rais. Yeye alikuwa mbunge, na kazi yake ilikuwa kumsaidia Rais na kuongoza shughuli za serikali Bungeni. Kawawa alipewa kazi hiyo, na hapakuwa na mwingine baada yake.

Tarehe 26 Aprili, 1964, Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Karume, Rais wa Zanzibar, alistahili mahali pa juu katika serikali mpya, lakini alikuwa na kazi ya kuongoza Zanzibar. Hakuweza pia kushughulika na Bunge Dar es Salaam. Kwa hiyo vikawekwa vyeo viwili: Karume akawa Makamu wa Kwanza, na Kawawa Makamu wa Pili. Mpango huo ulidumu hadi 1977. Cheo cha Tanganyika kilikuwa hakijatimiza miezi 17. Hakikuondolewa kwa kushindwa kazi. Kazi yenyewe ndiyo iliyogawanyika.

Basi neno "wa kwanza" ndilo lililotugombanisha. Kwa Karume lilikuwa jina la cheo. Kwa Kawawa ni hesabu ya wakati.

Nilimpelekea mwulizaji maelezo haya. Alicheka, akasema alama hairudi, ila mwakani swali litaandikwa upya.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne