Uso Unaowaka: Sabuni, Mafuta na Vipodozi kwa Mwenye Rosasea

Rosasea ni ugonjwa sugu wa ngozi ya uso ambao vitabu vingi vya tiba vimeuchora kwa sura ya mtu mweupe: mashavu mekundu, pua nyekundu, na vipele juu ya wekundu huo. Picha hiyo imewafanya wahudumu wengi wa afya waamini kuwa ugonjwa huu hauwahusu Waafrika. Hivyo mwanamke wa Lushoto anayelalamika kuwa uso wake unawaka kila atokapo shambani au jikoni huweza kupewa dawa ya chunusi, kisha ya fangasi, kisha ya mzio, na mwishowe akajinunulia krimu sokoni. Mara nyingi krimu hiyo ndiyo inayomfanya mgonjwa wa kweli. Makala haya yanaeleza namna ya kuutambua ugonjwa, vitu vya kupaka na vya kuacha, na jambo moja ambalo mgonjwa anapaswa kuambiwa kabla hajaacha krimu aliyoizoea.

Kuutambua katika ngozi nyeusi

Katika ngozi nyeusi wekundu hufichwa na rangi. Mashavu, pua, kidevu na katikati ya paji la uso huonekana kuwa na weusi uliokoza, rangi ya zambarau au kahawia. Kwa hiyo sikiliza kabla ya kutazama. Mgonjwa husema uso unapata joto la ghafla, unachoma, unawasha, na kwamba karibu kila anachopaka kinamchonyota. Baadaye hutokea vipele vigumu, vingine vyenye usaha, lakini bila vile vichwa vyeusi vya chunusi. Wengine huhisi macho kama yaliyoingiwa na mchanga, na kope zao huvimba. Ugonjwa huanza zaidi kati ya umri wa miaka 30 na 50.

Kipande cha kioo safi, kile cha maabara cha kuwekea damu, humsaidia mhudumu. Kikibonyezwa taratibu juu ya shavu, damu hukimbia na rangi hupauka kwa muda. Kikiondolewa, rangi hurudi. Uchunguzi huo ufanyike mchana, karibu na dirisha.

Milima na uso

Mji wa Lushoto uko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ya baridi huwadanganya watu wadhani kuwa jua ni dogo, ilhali miale inayounguza ngozi huongezeka kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Mkulima wa kabichi au karoti anayeshinda kwenye matuta bila kofia kwa sababu hasikii joto hupokea miale mingi kuliko anavyodhani.

Mabadiliko ya joto nayo huchochea ugonjwa. Anayeshuka asubuhi kutoka kwenye ukungu wa Magamba hadi Mombo, kwenye joto la bondeni, huweza kuhisi uso umewaka kabla hajateremka garini. Jikoni, moto wa kuni hupiga uso kwa karibu. Katika miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, watu hunawa kwa maji ya moto, hunywa chai ya tangawizi ingali inachemka, na wenye mafua hujifukiza kwa majani ya mkaratusi. Kwa mwenye rosasea mvuke huo ni mkaa juu ya kidonda. Chai haikatazwi, iachwe ipoe kidogo. Pilipili na pombe huwadhuru baadhi ya wagonjwa na wengine hawadhuriki, kwa hiyo kila mmoja achunguze mwili wake.

Krimu inayotuliza kisha ikaunguza

Katika mazingira yetu haiwezekani kuzungumzia vipodozi vya mwenye rosasea bila kuugusa mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha uso zina steroidi kali, hasa klobetasoli au betametasoni, peke yake au pamoja na haidrokwinoni na zebaki. Klobetasoli ni miongoni mwa steroidi kali kuliko zote za kupaka, na haikukusudiwa kupakwa usoni kila siku.

Mwanzoni krimu hiyo hupendeza. Mishipa midogo ya damu husinyaa, vipele hunywea kwa siku mbili tatu, na rangi hung'aa. Wiki na miezi ikipita ngozi hukonda, mishipa hutanuka na kuonekana, vipele hujaa kuzunguka mdomo na mashavuni. Hii huitwa rosasea ya steroidi, na humpata hata mtu asiyekuwa na ugonjwa hapo awali.

Mtego wenyewe uko kwenye kuacha. Mtumiaji akiacha, ndani ya siku chache hadi wiki mbili uso huvimba, huchoma na kujaa vipele kuliko mwanzo. Akipaka tena, hutulia. Ndipo anapoamini kuwa krimu ni tiba na kwamba dawa ya hospitali ndiyo iliyomuunguza. Wagonjwa wengi hupotea hapa, kwa kuwa hakuna aliyewaambia mapema kwamba siku mbaya zitakuja, kwamba huweza kudumu wiki kadhaa na kwa baadhi yao miezi, na kwamba hupita. Mgonjwa aliyeonywa huvumilia. Apewe miadi ya kurudi ndani ya wiki mbili, siku ambazo kishawishi cha kurudia krimu ni kikubwa.

Aliyepaka steroidi kali mwili mzima kwa muda mrefu asiache ghafla bila kumwona daktari, kwani tezi zinazotengeneza homoni ya asili ya aina hiyo huweza kuwa zimelala. Maboksi husomwa kwa Kiingereza: jina linaloanza na “clobet” au “betameth” ni onyo tosha, na kopo lisilo na maandishi ni onyo kubwa zaidi. Usimamizi wa vipodozi nchini, uliokuwa chini ya TFDA, tangu mwaka 2019 uko kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Bidhaa inayotiliwa shaka iripotiwe huko.

Kuosha, kulainisha, kukinga

Mwenye rosasea anahitaji vitu vitatu tu kila siku. Cha kwanza ni kisafishio laini kisicho na manukato. Sabuni ya kufulia, sabuni ya magadi na sabuni za dawa zenye harufu kali huvua mafuta ya asili ya ngozi. Uso uoshwe kwa vidole na maji vuguvugu, mara mbili kwa siku, kisha ukaushwe kwa kugusagusa na kitambaa laini. Dodoki liachwe kwa ajili ya miguu.

Cha pili ni kilainishi. Krimu nyepesi isiyo na harufu, yenye gliserini, inawafaa wengi. Asiyeweza kuinunua anaweza kutumia mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kwa kiasi kidogo sana, ngozi ikiwa bado na unyevu. Yakimletea joto au vipele, ayaache.

Cha tatu ni kinga ya jua yenye kipimo cha SPF 30 au zaidi. Zile zenye oksaidi ya zinki au dioksaidi ya titani huchonyota kidogo kuliko nyingine, ila huacha weupe kama majivu kwenye ngozi nyeusi. Penye uwezo, ichaguliwe iliyotiwa rangi ya kahawia kwa oksaidi ya chuma. Hufanana na ngozi na husaidia kuzuia madoa meusi yanayobaki baada ya vipele. Kofia yenye ukingo mpana au mtandio hugharimu kidogo na hufanya kazi siku nzima.

Vya kuacha ni limau, magadi, dawa ya meno, spiriti, mentoli, kafuri na vipodozi vya kusugua. Singo ya harusi yenye karafuu na manukato ni mapambo mazuri ya pwani yetu, lakini isifike usoni mwa bibi harusi mwenye rosasea. Ya asili nayo huweza kuunguza.

Vipodozi vya rangi

Hakuna sababu ya kumkataza mgonjwa kujipamba. Uso uliofunikwa vizuri humrudishia mtu ujasiri wa kwenda kanisani, msikitini au kazini wakati dawa ikifanya kazi yake. Achague faundesheni nyepesi isiyo na manukato, inayotoka kwa maji vuguvugu na kisafishio chake cha kawaida. Vipodozi visivyotoka kwa maji humlazimu kusugua, na kusugua ndiko kunakoleta madhara.

Rangi ya kijani inayosifiwa kwa kuficha wekundu ilikusudiwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi hugeuka kijivu. Faundesheni inayolingana na rangi ya taya, yenye mwelekeo wa manjano, inatosha. Poda iwe kidogo. Wanja na rangi ya kope viachwe macho yanapouma. Brashi na sifongo zioshwe kila wiki, wala zisiazimwe.

Kila kitu kipya kijaribiwe kwanza kwenye eneo dogo chini ya sikio, usiku, kwa siku tatu hadi tano. Kianzishwe kimoja kimoja, ili kikileta madhara kijulikane.

Kwa mhudumu wa afya

Swali la kwanza liwe la heshima: “Mama, kabla ya kuja hapa, uso huu umepakwa nini? Naomba siku nyingine uje na makopo yote.” Mgonjwa aliyelaumiwa huficha makopo yake.

Usisahau magonjwa yanayofanana. Lupasi hupita juu ya pua na mashavu lakini huacha mikunjo ya pembeni mwa pua, na huweza kuja na maumivu ya viungo. Fangasi ya uso huwa na ukingo ulioinuka, japo steroidi huuficha. Baka lisilosikia mguso lifikiriwe kuwa ukoma mpaka ithibitike vinginevyo.

Tiba ya kupaka huanza na metronidazoli ya asilimia 0.75 au asidi ya azelaiki. Ivamektini ya kupaka ni nzuri inapopatikana. Vipele vikiwa vingi, daktari huongeza doksisaiklini kwa wiki kadhaa, lakini si kwa mjamzito wala mtoto mdogo. Nafuu huchukua wiki 6 hadi 12, na mgonjwa aambiwe hivyo tangu siku ya kwanza.

Maumivu ya jicho, kuogopa mwanga au kuona ukungu ni sababu ya rufaa bila kuchelewa. Kwa ngozi isiyopona, rufaa ipitie hospitali ya wilaya kwenda Bombo, Tanga, au KCMC, Moshi, ambako kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimekuwapo tangu mwaka 1992. Mgonjwa aende na makopo yake yote mfukoni, hata yale anayoyaonea haya.