Mwenye Mali na Msimamizi Wake: Utawala wa Makampuni katika Nchi Zinazoinukia Kiuchumi

Kampuni inapopata hasara, mjadala huishia mara nyingi kwenye swali moja: je, ni mali ya umma au ya watu binafsi? Swali hilo ni la msingi, lakini halitoshi. Shabaha ya makala hii ni kueleza swali la pili, ambalo makada na wanafunzi hawana budi kulielewa: nani anamsimamia msimamizi, na kwa njia gani? Hilo ndilo jambo liitwalo utawala wa makampuni.

Kwanza tuelewe asili ya tatizo. Mwenye duka dogo huuza mwenyewe, na jioni huhesabu fedha mwenyewe. Kampuni kubwa haiwezi kuendeshwa hivyo. Wenye mali ni wengi, wametawanyika, na kazi ya kila siku wamemwachia meneja. Mwaka 1932 Wamarekani wawili, Adolf Berle na Gardiner Means, walionyesha kwamba katika makampuni makubwa ya nchi yao kumiliki na kuendesha vilikwisha kuwa mambo mawili tofauti. Hapo ndipo mkinzano unapozaliwa. Mwenye mali anataka mali yake izae. Meneja naye ana maslahi yake: mshahara, cheo, gari, ndugu wa kuajiri, rafiki wa kumpa zabuni. Tena meneja anajua yaliyomo katika daftari, na mwenye mali hajui ila anayoambiwa. Bodi ya Wakurugenzi, wakaguzi wa mahesabu na mkutano wa wanahisa ni vyombo vilivyoundwa ili kuziba pengo hilo.

Tuchukue historia ya Tanzania. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, mabenki na viwanda vingi vilitaifishwa, na kufikia miaka ya 1980 mashirika ya umma yalizidi 400. Kwa sheria, mwenye mali alikuwa mwananchi. Lakini kati ya mwananchi na meneja palikuwa na ngazi nyingi: Bunge, wizara, shirika mama, bodi. Kila ngazi ilikuwa na mamlaka ya kutoa amri, na si rahisi kusema ni ipi iliyopaswa kujibu hasara ilipotokea. Hatua za kurekebisha zilichukuliwa. Shirika la ukaguzi wa mahesabu liliundwa mwaka 1968, mabaraza ya wafanyakazi yaliagizwa mwaka 1970, na Mwongozo wa 1971 ulikemea ubwana wa viongozi. Hata hivyo mashirika mengi yaliendelea kuchelewa kufunga mahesabu yao, na mahesabu yakichelewa miaka, ukaguzi unakuwa kama kumpima maiti homa.

Mfano ulio wazi ni Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Benki hii ilitakiwa kukopesha mamlaka za mazao na mashirika yaliyokuwa yakipata hasara, nayo iliendelea kukopesha ingawa madeni hayakulipwa. Mchumi wa Hungaria, János Kornai, aliielezea hali hii kama bajeti laini: shirika linalojua kwamba Hazina italiokoa kila mara halina sababu ya kubana matumizi. Mwaka 1991 kiliundwa chombo maalum cha kukusanya madeni mabaya. Mwaka 1997 NBC iligawanywa, na NMB ikazaliwa. Mwaka 2000 hisa nyingi za NBC mpya ziliuzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini.

Je, basi, dawa ni kumpa mali mtu binafsi tu? Wapo wanaofundisha hivyo. Mambo yaliyotokea katika nchi nyingine yanakataa.

Katika Korea ya Kusini, uchumi ulishikwa na makundi makubwa ya makampuni ya kifamilia. Kampuni moja ya kundi ilidhamini mkopo wa nyingine, na mwenyekiti alitawala kundi zima ingawa hisa zake mwenyewe zilikuwa chache. Mwishoni mwa 1997, madeni ya makundi 30 makubwa yalizidi mara 5 ya mtaji wa wanahisa. Mwaka 1999 kundi la Daewoo, moja ya makubwa kabisa, lilianguka likiacha madeni ya makumi ya mabilioni ya dola. Mwaka 2006 mwanzilishi wake, Kim Woo-choong, alitiwa hatiani kwa makosa yaliyohusu pia kughushi mahesabu.

India nayo ilikuwa na kampuni ya Satyam. Katika bodi yake alikuwamo profesa wa Harvard, na mwaka 2008 ilipewa tuzo ya utawala bora. Mnamo tarehe 7 Januari 2009 mwenyekiti, Ramalinga Raju, alikiri kwa barua kwamba mahesabu yalikuwa ya uongo, na kwamba zaidi ya rupia bilioni 50 zilizoandikwa kuwa fedha taslimu na akiba ya benki hazikuwapo. Bodi ilikuwapo, wakaguzi walikuwapo, na tuzo ilikuwa ukutani. Kilichokosekana ni mtu wa kudai kuonyeshwa fedha.

Korea ilijifunza kwa gharama kubwa. Kuanzia 1998 makampuni ya soko la hisa yalitakiwa angalau robo ya wakurugenzi wawe watu wa nje. Baadaye yale yenye rasilimali zaidi ya won trilioni 2 yakatakiwa nusu. Watafiti Black, Jang na Kim, katika utafiti wao wa 2006, waliona kwamba makampuni yenye utawala bora yalithaminiwa zaidi sokoni. Lakini hawakupata ushahidi wa nguvu kwamba faida yao ilikuwa kubwa zaidi. Tofauti ilikuwa kwamba kwa faida ileile, wawekezaji walikubali kulipa zaidi, maana waliamini haitaibwa. Kwa nchi yenye uhaba wa mtaji, kuaminiwa huko ni mtaji.

Kutokana na hayo tunapata mafunzo matatu:

(a) Aina ya umiliki haiondoi haja ya usimamizi. Meneja asiyeulizwa atafuja mali ya umma, na atafuja ya wanahisa vilevile.

(b) Kuwepo kwa chombo si kufanya kazi kwa chombo. Mkurugenzi aliyeteuliwa kwa fadhila za meneja hawezi kumwuliza meneja.

(c) Kama Serikali inataka shirika lifanye kazi ya hasara kwa manufaa ya wananchi, gharama hiyo iandikwe wazi na ilipwe wazi, isije ikawa kichaka cha kuficha uzembe.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Leo Serikali bado ina hisa katika NBC, NMB na makampuni mengine, chini ya Msajili wa Hazina. Kila mwaka taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa Bungeni. Taarifa hiyo haina budi kusomwa matawini na vyuoni, shirika kwa shirika, na maswali matatu yaulizwe: mahesabu yalifungwa lini, nani aliteua bodi, na hoja za mkaguzi za mwaka uliopita zimejibiwa na nani? Mwananchi asipouliza, anabaki mwenye mali kwa jina tu.