LORD ROSEBERY NA KIPANDE CHA KILOMETRI 25



Katika historia tunasikia kila mara majina ya Stanley na Leopold II. Leo tunataka kuwajulisha mutu mwingine: Lord Rosebery, mukubwa wa ukoo wa Scotland. Hakufika kwetu hata siku moja, lakini mapatano ya serikali yake yalikaribia kukata Kivu vipande viwili.

Jina lake ni Archibald Primrose. Alizaliwa London mwaka 1847, na mwaka 1868 alipokea cheo cha babu yake. Mwaka 1869 wakubwa wa iniversite ya Oxford walimwambia achague: masomo ao farasi wake wa mashindano. Akachagua farasi, akatoka bila diploma. (Tusimfuate hapo, sisi hatuna mali ya ukoo ya kutulisha!)

Hata hivyo alifanya kazi ya watu. Mwaka 1889 alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa baraza kubwa la London. Kiisha akawa waziri wa mambo ya inchi za nje, na toka 1894 mpaka 1895 Waziri Mkuu wa Uingereza.

Kompani ya Waingereza katika Uganda ilikosa feza, ikataka kuondoka. Mawaziri wengi walisema: tuache. Rosebery akakataa, na mwaka 1894 Uganda ikawekwa chini ya Uingereza. Njo maana ngambo ya Kasindi watoto wanasoma Kiingereza, na sisi Kifaransa.

Tarehe 12 mwezi wa 5 mwaka ule, serikali yake ilipatana na Leopold II awakodeshe Waingereza kipande kirefu cha inchi, upana kilometri 25, toka kusini mwa ziwa Edouard, upande wa Vitshumbi, mpaka kaskazini mwa ziwa Tanganyika. Walitaka njia yao wenyewe ya kupita kati ya Uganda na kusini. Wajerumani wakakasirika, sababu kipande kile kingewatenga na Kongo. Tarehe 22 mwezi wa 6 neno lile likafutwa. Karibu majuma sita tu!

Ulizo letu ni hili: nani aliwauliza wenye mashamba ya Rutshuru? Hakuna. Mwaka 1910, huko Bruxelles, mipaka ilipangwa tena vile vile. Ndugu zetu Wakonzo wakabaki ngambo ya Ruwenzori, Wanande huku, hata kama tunasikilizana luga.

Hatusemi Rosebery alikuwa mutu mubaya. Lakini kutumikia watu ni kwanza kuwauliza. Sisi wa mwaka wa 6 tunamaliza. Kesho wengine watakuwa chefu, hakimu ao mukubwa wa ofisi. Mbele ya kutia sahihi juu ya shamba la mutu, uende kwanza umuulize mwenyewe.