Bizari nyembamba katika kipupwe cha Uluguru

Pilau ya kwetu husimama juu ya viungo vitano: karafuu, mdalasini, iliki, pilipili manga na bizari nyembamba. Vinne vya kwanza vinalimwa kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, huko Kinole, Tawa, Mkuyuni na Matombo, na katika Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro unaweza kuvinunua kwa mtu anayelijua shamba vilikotoka. Cha tano kimesafiri kutoka India. Mlima unaotoa vinne umeshindwaje na kimoja? Jibu linalokuja upesi ni kwamba huko juu kuna baridi na bizari ni mmea wa nchi za joto. Mimi sikubaliani nalo. Baridi ya Uluguru si adui wa bizari nyembamba. Adui wake ni unyevu, na anayelielewa hilo ataacha kuitafutia nafasi Kinole, ataanza kuitazama Mlali na sehemu za chini za Mgeta, upande wa magharibi.

Tuanze na mmea wenyewe. Bizari nyembamba, ambayo wenye maduka wengi huiita jira, ni ndugu wa karoti, giligilani na shamari. Haizidi sana urefu wa goti. Majani yake ni membamba kama nyuzi, maua yake ni meupe au ya waridi hafifu, na huchanua kwa vishada vyenye umbo la mwamvuli. Hiyo tunayoiita mbegu ni tunda kavu lenye nusu mbili zilizoshikana. Chukua punje moja, iweke juu ya kucha na uitazame juani: utaona mistari iliyoinuka kutoka ncha hadi ncha, yenye vinyweleo vifupi, na katikati ya mistari hiyo ndimo zilimo njia za mafuta. Harufu yote ya pilau imehifadhiwa humo. Mmea huyajaza mafuta hayo mwishoni mwa maisha yake, wakati punje inakomaa, na kazi hiyo inataka jua na hewa kavu.

India ndiyo inayozalisha sehemu kubwa ya bizari nyembamba ya dunia, hasa katika majimbo ya Gujarat na Rajasthan, na soko lake kubwa kuliko yote liko katika mji wa Unjha. Wakulima wa huko hawailimi wakati wa joto kali wala wakati wa mvua. Wanasubiri mvua za monsuni ziishe, wanapanda Novemba, wanavuna Februari na Machi. Hayo ni majira yao ya baridi. Mwezi Januari katika eneo la Unjha mchana hufika kama nyuzi 28, na usiku hushuka hadi kama nyuzi 12. Sasa linganisha na Morogoro mjini, mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, mwezi Julai: mchana nyuzi 27 au 28, usiku kama 15. Kipupwe chetu na majira yao ya baridi vinakaribiana kuliko tunavyodhani. Hata urefu wa mchana hautuangushi, kwa sababu Desemba ya Gujarat ina mwanga wa jua kwa saa zisizofika 11, na Juni ya Morogoro ina saa 11 na dakika 40 na ushei.

Kinachotofautiana ni maji ya angani. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi hukutana na ukuta wa Uluguru, hupanda, hupoa na kumwaga mvua upande wa mashariki. Huko juu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na hata kipupwe hakikauki kweli. Iliki inapapenda mahali hapo, na mkarafuu na mdalasini vivyo hivyo. Bizari nyembamba haipapendi hata kidogo. Mvua au ukungu ukikaa siku chache mfululizo wakati wa maua, kuvu wa bakajani, Alternaria, huanza kuunguza ncha za majani, kisha hushuka kwenye mabua na kupanda kwenye vishada. Maua yenye umbo la mwamvuli hushika umande, na umande unaochelewa kukauka ndio kuvu hao wanaouhitaji ili waote. Mawingu ya siku chache yanaweza kuondoka na shamba zima. Mwezi Machi 2023 mvua zisizo za msimu zilinyesha Gujarat na Rajasthan bizari ikiwa inakomaa, wakati ghala nazo zilikuwa na akiba ndogo, na mwaka huo bei ya Unjha ilivunja rekodi zake zote. Mwenye mgahawa wa Morogoro aliyeshangaa bei ya bizari mwaka ule alikuwa akilipia mvua ya mbali.

Upande wa magharibi wa Uluguru hupata mabaki tu ya mawingu yale ya baharini. Ukishuka hadi Mlali, masika yakiisha mwezi Mei hewa hukauka na hukaa hivyo hadi vuli. Katika nchi za baridi kama Uingereza au Kanada, msimu wa bizari umebanwa kati ya jalidi ya mwisho ya machipuko na jalidi ya kwanza ya vuli yao, na ndiyo maana watunza bustani wa huko hupata punje chache tu. Kwetu hakuna jalidi inayotisha shambani, lakini msimu nao ni mfupi, umefungwa na mvua pande mbili. Kati ya mwisho wa Mei na mwisho wa Septemba kuna siku kama 125. Hesabu yote ya zao hili imo ndani ya siku hizo.

Hapa ndipo baridi inapoingia, kwa mlango wa nyuma. Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mmea haukomai kwa tarehe. Hukomaa kwa kukusanya joto la kila siku, na mahali penye joto dogo lazima ukusanye kwa siku nyingi zaidi. Huko Jodhpur, Rajasthan, aina nyingi za bizari huchukua siku 130 na zaidi. Ukipanda aina ya namna hiyo Mgeta tarehe 1 Juni, utavuna karibu katikati ya Oktoba, mvua za vuli zikigonga mlango. Baridi haikuiua bizari yako. Imeichelewesha tu, ikaikabidhi kwa mvua. Kwa hiyo mlimani swali la kwanza ni aina inayowahi. Taasisi ya utafiti wa kilimo cha nchi kame iliyoko Jodhpur imetoa aina iitwayo CZC-94, inayokomaa kwa siku 90 hadi 100. Gujarat kuna GC 4, inayohimili mnyauko fuzari, nayo inaweza kufaa chini, Mlali, penye joto zaidi. Mbegu kutoka nje haziingizwi mfukoni. Kibali hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, TOSCI, makao yake makuu yako hapo hapo Morogoro. Taratibu hizo si usumbufu, kwani mnyauko fuzari ukiingia kwenye udongo hukaa humo miaka mingi.

Nyandira na vijiji vilivyo juu ya mita 1,500 ningeviacha kwa sasa. Viazi, kabichi na njegere vinastawi huko kwa sababu ya ubaridi na ukungu ule ule unaoivuruga bizari. Ningeanzia mashamba ya chini, penye mteremko unaopokea jua la asubuhi, ili umande ukauke mapema. Mkulima wa eneo hilo anajua bila kuambiwa ni tuta lipi la ngazi katika shamba lake linalokauka kwanza.

Na shamba la kwanza liwe dogo. Mlima huu una kumbukumbu ya ushauri wa kilimo ulioletwa kwa amri. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kila mahali, pamoja na miteremko ambako udongo mzuri ulifukiwa na usio na rutuba ukaletwa juu, mpaka watu wakakataa hadharani huko Matombo mwaka 1955. Mgeta, walikokuwa na mboga na mifereji ya kumwagilia, matuta yalikuwa na kazi, na ngazi zinaonekana hadi leo. Zao jipya linapaswa kumpa mkulima nafasi ya kulikataa.

Ngazi moja ya mita 10 kwa 10 inatosha kwa kuanzia. Loweka mbegu kwa saa 8, zisugue taratibu kati ya viganja ili nusu mbili ziachane, kisha zikaushe kidogo kivulini zisigandane. Panda kwenye mistari iliyoachana sentimita 25 hadi 30, kina kisizidi sentimita 1 au moja na nusu. Mwagilia kwa utulivu, maana maji yakija kwa nguvu yatazikusanya mbegu zote upande mmoja wa tuta. Subira inahitajika sana hapa: bizari inaweza kukaa wiki moja hadi mbili bila kuonekana, na kwenye baridi hata zaidi. Katika kungoja huko udongo wa juu usiachwe ufanye ukoko mgumu, kwani mche ni dhaifu na hauwezi kuupasua. Yatakayotokeza ni majani mawili marefu membamba. Anayeijua karoti changa ataitambua.

Wenye bustani wa nchi za baridi huzitanguliza mbegu kwenye makopo ya karatasi ndani ya nyumba. Ujanja huo unaweza kutufaa katikati ya Mei, masika yakiwa bado yanasuasua: vikopo vikae chini ya paa, kisha vihamishiwe shambani pamoja na karatasi yake, kwa sababu mzizi mkuu ukikatika mmea hudumaa. Hivyo unaokoa wiki mbili. Kwa ngazi moja inawezekana. Kwa ekari nzima vibarua watamaliza faida.

Palizi ndiyo kazi kubwa. Bizari haishindani na magugu, inafunikwa na kufa. Palilia ikifika mwezi mmoja, rudia kabla ya maua. Mbolea iwe samadi iliyooza vizuri, tena kidogo, kwa sababu naitrojeni nyingi huleta majani mengi, na majani mengi hufungia unyevu ndani na kuchelewesha punje. Usiipande palipotoka karoti au giligilani, ambazo ni ndugu zake. Ifuate mahindi, na isirudi hapo kwa miaka mitatu. Vidukari watakuja wakati wa maua, na ubwiri unga nao, ambao jina lake linajulikana na wakulima wa korosho. Kagua vishada kila asubuhi.

Kuhusu maji, bizari ina heshima yake. Baada ya kuota inataka kumwagiliwa mara chache tu, na punje zikianza kujaa maji husimamishwa kabisa. Hili nalithamini kuliko bei yake. Mto Mgeta unaingia Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha Dar es Salaam. Kila zao la kiangazi linalopunguza kiu ya mifereji ya mlimani linawasaidia watu wengi walio chini.

Mavuno yasimdanganye mtu. Wastani wa India ni kama kilo 500 kwa hekta, kwa hiyo ngazi yako ya mita 10 kwa 10 ikienda vizuri itakupa kilo 5, na mwaka wa kwanza pengine chini ya hapo. Ng'oa mimea inapogeuka rangi ya majani makavu, mapema asubuhi ikiwa na ulaini wa usiku, vinginevyo punje zitapukutika njiani. Ianike kwenye turubai, ipige kwa fimbo nyepesi, ipepete kwa ungo.

Lakini kabla ya kung'oa, pita na nyuzi za rangi. Funga uzi kwenye mimea iliyotangulia kukomaa ikiwa haina doa la bakajani, hata kama ni ishirini tu katika ngazi nzima. Punje zake zikaushwe peke yake, zitiwe kwenye chupa kavu yenye kifuniko na kuandikwa mwaka na jina la kitongoji. Hizo ndizo za kupanda Juni inayofuata.