Mifupa ya sangara mkubwa isisagwe yote

Kwenye mialo ya Mwanza, kutoka Kirumba hadi Kayenze, mfupa wa samaki haumshtui mtu. Hata hivyo, lipo fuvu ambalo hata mvuvi mzoefu hulisogelea na kuliinua kwa mikono miwili: taya pana, kifuniko cha shavu chenye mwiba, na nyuma yake pingili nene kuliko kifundo cha mkono. Huyo ni sangara wa zamani, wa ukubwa ambao vijana wengi mwaloni huusikia tu. Samaki huyu anaweza kukaribia meta mbili na kufikisha kilo 200.

Masalia yake hayafiki kwetu yakiwa kamili. Minofu hupelekwa Ulaya na kwingineko. Bondo, yaani kifuko cha hewa cha samaki huyo, huenda China, na kilo yake moja hupita bei ya minofu mara nyingi. Panki ndilo linalobaki, yaani kichwa, uti wa mgongo na mkia. Tangu viwanda vya minofu vilipoanza miaka ya 1990, mapanki yamekaangwa, yamepikwa supu na yamelisha familia ambazo sangara mzima zisingemmudu. Mwaka 2004 filamu ya hali halisi ya Hubert Sauper iliyaonyesha mapanki hayo duniani, na mwaka 2006 Rais Kikwete akaikemea hadharani kwamba inaichafua nchi. Mjadala wote ukawa juu ya heshima yetu. Nakubali kwamba heshima ni jambo kubwa, lakini mifupa yenyewe haikuulizwa chochote.

Ingeulizwa, ingesema kwanza kwamba ni migeni. Sangara aliletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, kutoka Ziwa Albert na Ziwa Turkana, kwa hoja kwamba angewala furu, samaki wadogo wa ziwa hili, na kuwageuza kuwa nyama ya maana. Mwanasayansi Geoffrey Fryer alitoa onyo mwaka 1960, halikusikilizwa. Kwa hiyo fuvu la sangara utakaloliokota Ukerewe au Nyegezi halina hata karne moja. Mifupa mikubwa ambayo wazee wetu waliijua kabla yake ilikuwa ya kamongo, kambare na hongwe.

Katika Ghuba ya Mwanza, watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza furu mwaka 1977 pamoja na wenzao wa Tanzania. Baada ya 1983 sangara akafurika, na katika miaka michache furu wakatoweka kwenye nyavu. Ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu. Inakadiriwa kuwa 200 hivi zimepotea. Misitu nayo ililipa. Furu hukaushwa juani, lakini sangara ana mafuta mengi na anahitaji kuni ili abanikwe.

Jambo la pili ambalo mifupa ingesema ni umri. Ndani ya fuvu kuna vijiwe vya sikio vyenye duara za ukuaji. Kwetu hakuna majira ya baridi kali, hivyo duara hizo ni hafifu na kuzisoma kunataka jicho lililofunzwa. Jambo la tatu ndilo linaloniuma zaidi: sangara wakubwa mno karibu wote ni majike, na jike mmoja wa namna hiyo hubeba mayai kwa mamilioni. Karibu kila fuvu kubwa ni la mama, na tamaa ya bondo kubwa ndiyo inayomfuata mpaka vilindini.

Sangara alipopungua kwa kuvuliwa, baadhi ya furu walianza kurudi ghubani. Aina mojawapo ilipopimwa ilikutwa na matamvua makubwa kuliko ya furu wa aina hiyo hiyo waliovuliwa miaka ya 1970, dalili kwamba wamebadilika ili waishi kwenye maji yenye hewa kidogo. Tumelijua hilo kwa sababu furu wale wa zamani walihifadhiwa. Wangetupwa, leo tusingekuwa na cha kulinganisha.

Sangara mkubwa anastahili uangalizi huo huo. Mifupa yake mingi sasa husagwa kuwa chakula cha mifugo. Ndugu mvuvi, na wewe mama unayekaanga mapanki, ukikutana na fuvu la namna hiyo, lipime, andika tarehe na mahali, kisha wape taarifa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), kituo cha Mwanza. Na wenye makumbusho na shule za mkoa huu watafute walau kiunzi kimoja kizima, wakiweke mahali ambapo mtoto anaweza kukigusa.