Kifutu humuuma mkulima mguuni na mfukoni

NYOKA anayewasumbua sana wakulima wakati wa palizi na mavuno ni kifutu, yule mnene, mvivu, ambaye wengine humwita moma. Huyu hakimbii akisikia vishindo vya mtu. Hulala tu pembeni mwa njia, rangi yake ikifanana na majani makavu, hadi akanyagwe.

Sumu yake hula nyama. Muda mfupi baada ya kuumwa, mguu huvimba, maumivu huwa makali, kisha hutoka malengelenge. Maji ya mwilini huhamia kwenye uvimbe huo, shinikizo la damu hushuka na mgonjwa anaweza kufa. Anayepona naye huweza kubaki na kidonda cha miezi, au akakatwa mguu. Kwa mtu anayeishi kwa jembe, huko ni kufunga biashara.

Koboko ni habari nyingine. Sumu yake hushambulia mishipa ya fahamu: kope hulegea, ulimi huwa mzito, mate hayamezeki, kisha misuli ya kupumulia husimama. Mguu unaweza usivimbe sana, na hapo ndipo watu hudanganyika wakadhani hakuna hatari. Swila yeye hutema. Sumu ikiingia machoni, yaoshwe mara moja kwa maji mengi.

Dawa ya kuua sumu hutengenezwa kutokana na damu ya wanyama, hasa farasi, waliochomwa sumu ya nyoka kidogo kidogo. Bei yake ni kilio. Kampuni ya Sanofi ya Ufaransa iliacha kutengeneza ya kwake ya Afrika mwaka 2014, kwa kuwa haikulipa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Linakadiria vifo 81,000 hadi 138,000 kwa mwaka duniani.

Kabla ya kufika hospitali, mgonjwa avuliwe pete na viatu mapema, mguu ufungiwe ubao usitikisike, na abebwe. Kuchanja kwa wembe na kunyonya hakusaidii. Kukaza kamba ndiko kubaya zaidi kwa aliyeumwa na kifutu, maana nyama iliyonyimwa damu hufa upesi.

Kifutu hutembea zaidi usiku, akifuata panya. Kihenge kinachomwaga mahindi huwaita panya, nao humleta yeye hadi mlangoni. Jozi ya buti za mpira na tochi ni nafuu kuliko chupa moja ya dawa, na mgonjwa huhitaji chupa kadhaa.