Kipimo cha matende kinaona nini hasa?



Desemba 2023, kwenye COP28 hapa hapa Dubai, ilitangazwa kwamba lengo la mfuko wa Reaching the Last Mile linapanda kutoka dola milioni 100 hadi milioni 500, kwa ajili ya kutokomeza usubi na matende Afrika na Yemen. Tangu hapo nimeulizwa mara nyingi: wanajuaje nani ana mnyoo na nani hana? Naomba nieleze.

Mnyoo wa matende kwetu pwani ni Wuchereria bancrofti, mnyoo duara mwembamba kama uzi, anayekaa kwenye mishipa ya limfu. Watoto wake hujaa kwenye damu usiku, kama saa nne hadi saa nane, ndiyo maana zamani wapimaji walipita majumbani usiku wa manane. Miaka ya 1990 kikaja kikadi: tone la damu ya kidole, hata mchana, basi. Lakini kikadi hakimtafuti mnyoo mwenyewe. Kinatafuta protini anayoitoa mnyoo mzima.

Na protini hiyo si tupu. Mnyoo akishaitengeneza huibandika vitu juu yake, hasa sukari. Fikirieni kofia ya kiua: jeni inaeleza kitambaa, nakshi hudariziwa baadaye. Kingamwili iliyomo kwenye kikadi hushika nakshi, haishiki kitambaa.

Sasa kitambaa kinajulikanaje? Kingamwili ile ile hutumika kama ndoano kuvua protini zote zenye nakshi hiyo. Kimeng'enya cha tripsini huzikatakata, kisha vipande hupimwa uzito kwa spektrometa ya masi. Uzito wa kipande kitupu unakadiriwa kutoka kwenye jenomu, ya C. elegans ilitolewa 1998, ya Brugia malayi, jamaa wa mnyoo wetu, 2007. Kipande kikizidi kwa daltoni 80, kimebandikwa fosfeti. Kikizidi 162, ni sukari moja ya jamii ya glukosi. Kikizidi 165, ni fosforilkolini.

Mtasema haya ni mambo ya maabara tu. Hapana. Misitu ya Kongo ina mnyoo mwingine, Loa loa, yule anayepita jichoni. Naye ana protini zenye nakshi inayofanana. Utafiti uliochapishwa 2014 ulikuta huko Kongo watu wenye Loa loa, mahali pasipo na matende, na kikadi kikasema wanayo! Hapo ndipo hatari. Zanzibar, ambako Loa loa hayupo, ivermektini na albendazoli zimegawiwa kwa wananchi tangu 2001. Lakini mtu mwenye vijinyoo vya Loa loa zaidi ya 30,000 kwa mililita moja ya damu akimeza ivermektini anaweza kupoteza fahamu, hata kufa.

Kwa hiyo kuzitambua protini hizi moja moja ndiyo njia ya kupata kikadi kinachoshika kitambaa cha Wuchereria peke yake.

Na ninyi mlio na jamaa kutoka misitu ya Kongo, kikadi kikionyesha ndiyo, mwambieni daktari alikoishi mgonjwa, na damu ipimwe mchana, kati ya saa nne asubuhi na saa nane. Loa loa ni wa mchana.

Wasalaam.